Saa Iko Tumboni: Lini na Wapi Umpare Samaki wa Mama Ngina

Mjomba wangu alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake pale kwenye miamba ya Mama Ngina, Mombasa. Mtu akivuta mshipi, akatoa changu mzuri na kumnyanyua ili kila mmoja amwone, mjomba hasemi mashaallah kama wengine. Huuliza: "Barafu i wapi?" Kisha hutazama jua. Akijibiwa kwamba barafu haiko, humsukumia mwenye samaki kisu bila neno la pili.

Wavuvi wa mshipi wa pale hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaoamini samaki hutumbuliwa papo hapo alipotolewa majini, la sivyo si mvuvi huyo, ni mtalii. Na kuna wasiogusa kisu mpaka wafike nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna kibao, kuna maji, na kuna mtu wa kuwafanyia kazi. Makundi yote mawili hukosea nusu ya siku. Nitakueleza nilivyofunzwa, nawe ukishuka kwenye miamba ile, au ukinunua samaki asubuhi kwenye soko la karibu na Bandari ya Kale, ujue saa yako inakwenda vipi.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo Mombasa twaziita kwa neno moja. Tukisema "nimempara samaki" huwa tumemtoa magamba, tumemtumbua, tumemtoa mashavu na kumwosha, yote kwa pamoja. Lakini magamba na tumbo haviendi kwa saa moja. Magamba ni nguo ya samaki: yanamkinga na jua, upepo, mchanga na mikono yako. Yaache mpaka ufike jikoni. Tumbo ndilo lisilongoja. Samaki akifa, maji ya tumboni yaliyokuwa yakimsagia chakula hayafi naye. Yanaendelea kusaga, na chakula kikiisha yanageukia kuta za tumbo lenyewe. Juu ya hayo, vijidudu vilivyokuwa vimefungiwa kwenye utumbo na mashavu sasa havina wa kuvizuia. Katika bahari za baridi shughuli hiyo huenda polepole. Yetu ina nyuzi kama 25 hadi 30 za joto mwaka mzima, na mwamba wa Mama Ngina saa saba mchana wakati wa kaskazi waweza kuuwekea kikaango.

Kwa hivyo hesabu ni hii. Huna barafu: mtumbue ndani ya saa moja, na akiwa ameshiba, mapema zaidi. Una barafu ya kutosha: mwache mzima, mzike, umtumbue nyumbani kwa utulivu. Barafu ya kutosha maana yake uzito wake ulingane na uzito wa samaki. Vipande vitatu vilivyoelea kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu si barafu. Tandaza chini, laza samaki, funika juu, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Si lazima ununue bonge: gandisha maji kwenye chupa za lita moja usiku, uzipange ndani ya boksi asubuhi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba samaki wetu wa maji ya joto, akiwahiwa na barafu, hukaa siku nyingi kuliko samaki wa Ulaya, kwa kuwa vijidudu vyake vimezoea joto na baridi huvilaza vibaya.

Kati ya hali hizo mbili kuna gunia. Gunia la katani lililoloweshwa maji ya bahari, likafunikwa samaki kivulini penye upepo, hupunguza joto kwa namna ileile mtungi wa udongo unavyopoza maji. Litakununulia muda kidogo, wa kumalizia chambo kilichobaki tuseme. Haliwezi kukupa mchana mzima.

Hiyo ndiyo kanuni ya jumla, lakini samaki hawafanani.

Tafi ndiye wa kwanza kuguswa na kisu, hata kama barafu iko. Tafi hula majani ya bahari na mwani, na utumbo wake mrefu huwa umejaa majani yanayochacha. Ukimwacha mpaka jioni, uchungu na vumba la tumboni huingia kwenye minofu, na mtu atakayemla atasema hapendi tafi, kumbe hapendi uvivu wako. Pono naye ni vivyo hivyo. Ukiwatumbua utakuta mara nyingi utando mweusi umebandikwa kwenye kuta za tumbo. Usiuache. Usugue kwa chumvi ya mawe na kidole gumba mpaka nyama nyeupe ionekane.

Lakini tafi ana deni lake. Miiba 13 mgongoni, 7 upande wa chini nyuma ya tumbo, na miwili kwenye kila pezi la kifuani chini, yote ina sumu, na sumu haimalizwi na kifo cha samaki. Mjomba alikuwa akimlaza tafi kifudifudi, anambana kichwa kwa kitambaa kilicholowa, na kuikata miiba yote kwa mkasi kabla ya kisu kugusa tumbo. Nilipojaribu kuruka hatua hiyo nikiwa na miaka kumi na mbili, mkono mzima ulipwita hadi kwapani. Dawa ni maji ya moto, ya moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia bila kubabuka, mkono uzame humo nusu saa au zaidi, kwa sababu joto huivunja sumu hiyo. Barafu haisaidii hapo. Ukiona pumzi inabana au uvimbe unapanda, nenda hospitali.

Vibua, jodari, sehewa na fulusi wana hatari ya aina nyingine, na hii ndiyo nataka uisome mara mbili. Samaki hawa wakikaa joto, vijidudu hugeuza kitu kilichomo ndani ya nyama yao kuwa histamini. Haina harufu, haionekani, na ikishatengenezwa haiondolewi na moto, ndimu wala mafuta yanayochemka. Mtu hula, na muda mfupi baadaye uso unamwiva, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Pwani nzima utasikia watu wakisema "jodari hunikataa". Wengine ni kweli wana mzio. Wengi, naamini, walikula samaki aliyelala juani saa nne kabla ya kufika sokoni. Kwa hao kutumbua peke yake hakutoshi: barafu ni lazima, na kama huna, wale siku hiyohiyo mapema au usiwavue.

Papa na taa huhifadhi ndani ya damu na nyama zao kitu kinachogeuka harufu kali ya mkojo wakichelewa. Hao hutolewa damu mara moja, hukatwa, huoshwa, na kama ni wa kukaushwa hutiwa chumvi siku ileile. Atakayekwambia ng'onda hutengenezwa kwa papa aliyeharibika hajawahi kutengeneza ng'onda. Taa mwondoe mwiba wa mkia kabla hujafanya lolote.

Changu na tewa ni wavumilivu. Hao ndio wanaokupa nafasi ya kufika nyumbani ukiwa na barafu, na ndio wanaowadanganya watu wa kundi la pili kuwa samaki wote wako hivyo.

Puju ana visu viwili pande zote za shina la mkia, basi mshike kichwa. Ngozi yake ni kama mpira, hapari mtu, huchunwa. Na bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, ukimtoa kwenye ndoana mrudishe baharini. Sumu yake iko kwenye ini, mayai, matumbo na hata ngozi, kupika hakuiondoi, na haina dawa ya kuivunja. Hakuna fundi wa kumpara bunju Mombasa, na anayejidai fundi usile kwake.

Kabla ya tumbo kuna damu. Samaki akiwa bado anapigapiga, kata mashavu upande mmoja au yote, mtumbukize kichwa chini kwenye ndoo ya maji ya bahari dakika tano hivi, moyo wenyewe utamaliza kazi. Nyama huwa nyeupe na shombo hupungua sana. Wazee wengine hukunja uso wakiona hivyo, kwa kuwa samaki hachinjwi, ni halali vile alivyo. Ni kweli, na hili si kuchinja wala halihitaji bismillahi ya kuchinja. Ni kwa ajili ya sufuria tu.

Sasa wapi. Bustani ya Mama Ngina si ile ya utoto wangu. Tangu ilipofunguliwa baada ya ukarabati Oktoba 2019, siku ya Mashujaa, kuna njia za kutembelea, viti na ngazi, na jioni watu hujaa kutoka kila pembe ya kisiwa kula mihogo na viazi karai na kutazama meli zikiingia Kilindini. Usimpare samaki kwenye viti vile, wala kwenye ukuta ambao mtoto wa mtu ataukalia jioni na nguo za sikukuu. Magamba yakikauka kwenye saruji hung'ang'ania kama gundi, na vumba halitoki mpaka mvua ya masika. Shuka chini kwenye mwamba, upande wa bahari kuu, karibu na Ras Serani kwenye mnara wa taa, mahali ambapo maji yakijaa yatapaosha yenyewe.

Chagua jiwe lenye chumvi na linalopigwa na mawimbi, si lile lililo chini ya mfereji. Mvua ikinyesha, mitaro ya mjini humwaga baharini kila kilichomo mitaani, na baada ya mvua kubwa maji ya ufukweni hayafai kuoshea chakula kwa siku mbili tatu. Vilevile usioshe samaki kwa maji ya penye ngazi za Bandari ya Kale, wala karibu na kivuko cha Likoni. Kule kuna mafuta ya injini na maji ya mji. Wengi wa wachuuzi wanalijua hili. Wanaoshea pale kwa sababu ya haraka. Wewe huna haraka hiyo. Kama huna uhakika na maji, usioshe kabisa: mtumbue, mpanguse kwa kitambaa safi, mwoshe nyumbani. Samaki mkavu tumboni ana usalama zaidi kuliko aliyeoshwa kwa maji machafu, kwa sababu ukishapasua tumbo umefungua mlango, na chochote kilichomo majini kitaingia.

Angalia na maji yenyewe yanakwenda wapi. Wakati wa bamvua kina huweza kupishana hadi takriban mita nne kati ya kujaa na kupwa, na jiwe ulilosimama ukianza kazi laweza kuwa chini ya maji kabla hujamaliza. Wakati wa kusi ndiyo usikae ukingoni kabisa, heri upande juu kidogo na ndoo ya maji. Meli kubwa ikipita, hesabu dakika kadhaa: mawimbi yake hufika baadaye, ukiwa umeshamsahau nahodha.

Kisha kuna kurabu. Kunguru hawa wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye wakafika kwetu, na leo ni wengi kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni 1. Mpango ni mpango. Wao bado wanakungoja. Kurabu mmoja atakuvutia mkono wa kikapu mbele, mwenzake atachukua kibua nyuma. Weka samaki ndani ya ndoo yenye kifuniko, toa mmoja mmoja, na usitupe tumbo hata moja karibu nawe mpaka umalize wote. Tumbo la kwanza likianguka juu ya jiwe, umepiga kengele ya karamu.

Namna ya kutumbua haina siri, ila watu hutumia nguvu pasipohitajika. Mlaze samaki kichwa kikielekea kulia au kushoto, upande wowote unaokufaa. Tia ncha ya kisu kwenye tundu la nyuma, makali yakitazama juu, nje, si ndani. Sukuma kwa ncha tu hadi chini ya taya. Ukiingiza kisu kwa kina utapasua utumbo na nyongo, na hapo kazi ya kuhifadhi imekuwa kazi ya kuchafua. Shika mashavu, yavute pamoja na matumbo, yatoke mkupuo mmoja. Nyongo ikipasuka, usingoje: suuza, paka chumvi na ndimu, na kama nyama imeshageuka kijani, kata kipande hicho utupe. Halafu pitisha ukucha au ncha ya kijiko kwenye uti wa mgongo kwa ndani. Ile damu nyeusi iliyoganda pale ndiyo inayoanza kunuka kwanza, na ndiyo vijana wa kupara huiacha kwa sababu haionekani.

Hao vijana wa sokoni ni mafundi wa kweli. Kijana mmoja atapara changu watano kabla hujapata chenji. Lakini tazama ndoo yake. Maji yale yale yaliyosuuza samaki ishirini wa watu wengine, mmoja wao pengine wa jana, ndiyo yatamsuuza wako. Samaki mmoja akioza wote wameoza: wahenga walikuwa wakisema juu ya watu, ila ndoo ile huitimiza kama ilivyo. Mwambie kwa adabu, "Mwanangu, mtumbue tu, usimwoshe." Atakushangaa, atapokea pesa zake, mtaachana kwa amani. Na kabla ya hapo mtazame samaki mwenyewe: jicho limetokeza na linang'aa, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi, harufu ni ya bahari. Akinuka samaki, ameshachelewa.

Kubeba nyumbani kulikuwa rahisi zamani za mifuko ya nailoni. Tangu Agosti 28, 2017 mifuko hiyo ni marufuku Kenya, na kwa samaki hatukupoteza kitu, maana ndani ya nailoni samaki alikuwa akitoka jasho na kuiva kabla ya moto. Ndoo yenye kifuniko, au kikapu cha ukindu kilichotandikwa kitambaa kilicholowa, ni bora zaidi. Samaki aliyetumbuliwa mlaze tumbo likitazama chini ili maji yasituame ndani.

Mji wa Kale una mambo yake. Nyumba zimebanana, ua ni mdogo, na maji ya mfereji huja kwa zamu. Wengi hununua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni, na maji ya visima vingi ni ya chumvi na yako karibu mno na mashimo ya vyoo. Hiyo ni sababu nyingine ya kumaliza tumbo baharini ukiwa huna barafu: utaokoa mitungi miwili. Ukifika, para magamba ndani ya beseni lenye maji, samaki akiwa amezama, kutoka mkiani kuelekea kichwani. Hayatarukia ukutani wala nyusini kwako. Kifuu cha nazi chafaa, na kijiko chafaa. Vizibo vya soda vilivyogongewa misumari kwenye kijiti vinafaa kupita vyote. Chuja yale maji kwa kitambaa kabla ya kumwaga, kwa kuwa magamba ndiyo yanayoziba karo, na fundi wa karo hatakuja siku ya Ijumaa. Usiyamwage kichochoroni. Jirani wa mlango wa pili hatasema kitu. Atamwambia mama yako. Suuza mara ya mwisho kwa maji safi, upesi, usimloweke, kisha chumvi na ndimu. Mkono wako nao upate ndimu hiyohiyo.

Yanabaki matumbo. Uliyoyatoa kwenye miamba, kama huyahitaji, yatupe baharini maji yakitoka, si yakijaa. Ukitupa wakati wa kujaa yatakurudia ufukweni yakiwa na inzi. Ya nyumbani paka wa mtaa watakusaidia, ila wape mahali pamoja pembeni, la sivyo watahamia mlangoni kwako. Au zika chini ya mgomba kama una bahati ya kuwa na mgomba. Ya vibua mjomba hakuwa akitupa kamwe. Aliyakata vipande, akayachanganya na chumvi ya mawe ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaliweka nje ya dirisha mpaka shangazi alalamike, na bamvua ijayo yalikuwa magumu, yananuka, na yanakaa kwenye ndoana hata tewa akiyang'ata mara tatu.